Kiswahili Hakibagui, Wasemaji Hubagua: Lugha ya Kazini na Haki ya Mwanamke Mfanyakazi nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi matumizi ya Kiswahili kazini yanavyoweza kuikuza au kuidhoofisha haki ya mwanamke mfanyakazi nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba sarufi ya Kiswahili haimtengi mwanamke, na sheria za Kenya zimekwisha kumtambua, ila mazoea ya usemi humrudisha nyuma kila siku. Mifano imetolewa katika mazungumzo ya kawaida, sheria za ajira, historia ya wanawake wasomi nchini na fasihi ya Kiswahili. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanafunzi wa Kiswahili, ambao karibuni watakuwa walimu, wahariri, wafasiri na maafisa.

1.0 Utangulizi

Katika sarufi ya Kiswahili, mwanamke na mwanamume hukaa katika ngeli moja. Daktari anatibu, mwalimu anafundisha, rubani anarusha ndege. Kiambishi a- hakimfahamishi msikilizaji iwapo mtendaji ni wa kike au wa kiume. Kiwakilishi yeye ni cha wote. Majina ya kazi kama mhandisi, hakimu, fundi, mwanasayansi na mwenyekiti hayana umbo la kiume na umbo la kike. Kwa sababu hiyo, wapenzi wengi wa Kiswahili husema kwa fahari kwamba lugha yao iliutambua usawa hata kabla ya wanasheria kuuandika.

Fahari hiyo ina msingi, lakini haitoshi. Ichukuliwe sentensi hii: Daktari alimwambia muuguzi kwamba amechoka. Hakuna neno lolote humo linalotaja jinsia. Hata hivyo, msikilizaji akiombwa asimulie alichokiona akilini, mara nyingi atamwona daktari mwanamume na muuguzi mwanamke. Picha hiyo haikuletwa na ngeli. Imeletwa na mazoea ya jamii, nayo mazoea hujificha ndani ya lugha hadi yakaonekana kama sehemu ya lugha yenyewe.

Kwa upande wa sheria, Kenya haina upungufu mkubwa wa maneno. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa misingi ya jinsia au ujauzito, na inataka malipo yawe sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa kwa usawa, zikiwemo nafasi sawa katika nyanja za siasa, uchumi, utamaduni na jamii. Swali basi ni hili: ikiwa sarufi haibagui na sheria inakataza ubaguzi, haki hiyo hupotelea wapi kabla ya kumfikia mwanamke mezani pake, dukani au shambani? Jibu lina pande nyingi, zikiwemo uchumi na utekelezaji wa sheria. Makala haya yanashughulikia upande mmoja ambao wanafunzi wa Kiswahili wana uwezo wa kuutibu, nao ni usemi.

2.0 Kazi ni Nini, na Mfanyakazi ni Nani?

Mazungumzo yafuatayo husikika karibu kila mahali nchini:

"Mama Fulani anafanya kazi wapi?"

"Hafanyi kazi. Yuko nyumbani tu."

Mtu anayesemwa hivyo huenda ameamka alfajiri, ameteka maji, amewatayarisha watoto kwenda shuleni, amepalilia mahindi, amemuuguza mkwe wake na kupika mara tatu. Kitenzi fanya na nomino kazi vingemfaa kuliko watu wengi wanaolipwa mshahara, ilhali ndiye anayenyimwa vyote viwili. Neno dogo tu linaimalizia hukumu hiyo: yuko nyumbani tu.

La kushangaza ni kwamba hekima ya Kiswahili haikubaliani na jibu hilo. Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii inaita malezi kwa jina lake halisi: kazi. Wanaoishi leo ndio walioupunguza upana wa neno hilo hadi likawa na maana ya ajira ya mshahara peke yake. Athari yake huonekana pale mwanamke aliyeacha ajira ili alee watoto anapotafuta kazi tena. Akiulizwa mahojianoni alikuwa akifanya nini kwa miaka mitano, hujibu kwa aibu, "Sikuwa nikifanya kazi." Amejihukumu kwa lugha aliyofundishwa, na mwajiri hana sababu ya kuibatilisha hukumu hiyo.

Mfano wa pili ni wa mwanamke anayelipwa kufanya kazi hizo hizo katika nyumba ya mwingine. Huitwa msichana wa kazi hata akiwa na umri wa miaka arubaini na watoto wake wakiwa shule ya upili. Neno msichana hapa halielezi umri wake. Linaeleza mahali alipowekwa: chini ya kila mtu mzima nyumbani humo. Msichana hutumwa, hakemewi kwa staha, na hadai mkataba. Akiitwa mfanyakazi wa nyumbani, jina hilo lenyewe huzua maswali ambayo mwajiri hawezi kuyakwepa kwa urahisi. Je, mfanyakazi huyu ana mkataba? Saa zake za kazi ni ngapi? Anapumzika lini? Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila kipindi cha siku saba, wala haisemi kwamba aliyeajiriwa jikoni asihesabiwe. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 189 kuhusu kazi yenye staha kwa wafanyakazi wa nyumbani. Nchini Kenya, chama cha KUDHEIHA kimekuwa kikiwasajili na kuwatetea wafanyakazi hao. Juhudi hizi zote zinaanza na hatua moja ya kilugha, yaani kumwita mfanyakazi mfanyakazi.

3.0 Mke Kabla ya Mfanyakazi

Huenda mtu akadhani kwamba tatizo hili huwapata wanawake wasio na elimu pekee. Kisa cha Profesa Wangari Maathai kinaonyesha vingine. Mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho. Alifundisha anatomia ya mifugo chuoni humo, akawa mkuu wa idara mwaka 1976 na profesa mshiriki mwaka 1977. Hata hivyo, kama alivyosimulia katika tawasifu yake Unbowed iliyotoka mwaka 2006, wahadhiri wanawake hawakuwa na masharti sawa na wenzao wa kiume kuhusu marupurupu kama vile ya makazi. Mwanamke aliyeolewa alichukuliwa kuwa mtu ambaye mumewe ndiye anayepaswa kumpa nyumba.

Pamoja na mwenzake, Vertistine Mbaya, Maathai alidai masharti hayo yasawazishwe. Katika harakati hizo walijaribu kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama rasmi cha wafanyakazi chenye uwezo wa kujadiliana na mwajiri. Jaribio hilo halikukubaliwa mahakamani, lakini mengi ya madai yao ya usawa yalikuja kutimizwa baadaye.

Kwa mtazamo wa kiisimu, mgogoro huo ulikuwa wa jina lipi litangulie. Mtu mmoja alikuwa na majina mawili, mhadhiri na mke wa fulani. Alipofundisha, jina la kwanza lilitumika. Alipofika wakati wa kugawa marupurupu, jina la pili likachukua nafasi yake. Mwenzake wa kiume naye alikuwa mhadhiri na mume wa fulani, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba ataipata kwa mkewe. Mtindo huu haujatoweka. Bado husikika mahali pa kazi kwamba fulani asipandishwe cheo kwa kuwa "ana bwana anayemtunza", au kwamba asipelekwe kituo cha mbali kwa kuwa "ni mke wa mtu". Yeyote anayetoa kauli kama hiyo huiona ya huruma. Kwa hakika amembadilisha mfanyakazi kuwa mke bila idhini yake, na nafasi aliyostahili imekwenda kwa mwingine.

4.0 Likizo Isiyo Mapumziko

Neno jingine linalostahili kuchunguzwa ni likizo. Katika matumizi ya kawaida, likizo ni wakati wa kupumzika: wanafunzi hufunga shule, wafanyakazi huenda mashambani kuwaona jamaa. Neno hilo hilo linapounganishwa na uzazi, huambukiza maana yake ya mapumziko. Mama anaporudi kazini baada ya kujifungua, hupokewa kwa maneno kama "Karibu, umepumzika vya kutosha," ilhali kwa miezi mitatu hakulala usiku mmoja mzima.

Dhana hiyo iliwahi kuwa sheria. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 1976, mwanamke alipewa miezi miwili ya uzazi yenye mshahara kamili, lakini kwa sharti kwamba apoteze likizo yake ya mwaka. Kwa maneno mengine, kujifungua kulihesabiwa kuwa sehemu ya mapumziko aliyokuwa akidai. Sheria ya mwaka 2007 iliyachukua mahali pake masharti hayo. Inampa mwanamke miezi mitatu yenye mshahara kamili, inamhakikishia kurejea katika kazi yake au nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyo duni, na inasema wazi kwamba hatapoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliongeza kwamba waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea mahali pa kazi, na mama apewe muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa.

Basi sheria imetenganisha uzazi na mapumziko, lakini usemi haujafanya hivyo. Mama anayetoka nje ya ofisi kukamua maziwa huambiwa "ameenda mapumziko tena". Baada ya kuambiwa hivyo mara kadhaa, huacha kwenda. Haki imo katika Sheria, chumba huenda kimetengwa, na bado mwenye haki ameshindwa kuitumia kwa sababu ya sentensi moja ya mwenzake.

Baba naye ana wiki mbili za likizo yenye malipo kwa mujibu wa sheria ya 2007. Hapa usemi humpotosha kwa njia nyingine. Huambiwa amepewa siku hizo ili "amsaidie mama". Anayesaidia kazi si mwenye kazi. Anaweza kuacha wakati wowote na akashukuriwa kwa alichofanya. Ikisemwa kwamba baba ameenda kulea mtoto wake, mzigo unagawanyika kwa haki, na mwanamke harudi kazini akiwa peke yake mwenye mtoto.

5.0 Heshima na Utani

Si kila neno linalomtofautisha mwanamke ni baya. Mama ni neno la heshima kubwa katika jamii za Kenya, na mwanamke mwenye cheo anaweza kulifurahia. Kasoro huingia pale heshima inapogawanywa kwa mizani miwili. Katika mkutano mmoja, wanaume huitwa Daktari, Mhandisi na Mkurugenzi, kisha mwanamke mwenye shahada kama zao akaitwa Mama, na baadaye kidogo akaombwa aandike kumbukumbu za kikao na kuulizia chai. Heshima aliyopewa ni ya nyumbani. Heshima ya kitaaluma imebaki kwa wengine.

Vivyo hivyo, vyombo vya habari hupenda kuandika rubani wa kike, fundi wa kike na dereva wa kike, lakini ni nadra kuandika rubani wa kiume. Kivumishi hicho humfahamisha msomaji kwamba mwenye kazi ni mgeni katika kazi hiyo. Kuna mahali ambapo jinsia ndiyo habari yenyewe. Martha Koome alipoapishwa mwezi Mei mwaka 2021, ilikuwa sahihi kutangaza kwamba ni mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, kwani historia ilikuwa imeandikwa. Lakini anapotoa uamuzi, uamuzi huo ni wa Jaji Mkuu. Kanuni inayopendekezwa ni rahisi: jinsia itajwe inapokuwa habari, na iachwe inapokuwa mazoea.

Suala zito zaidi ni la maneno ya kumdhalilisha mwanamke kingono. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinaitambua lugha, ya kuandikwa au ya kusemwa, kuwa mojawapo ya njia za unyanyasaji huo. Kinamtaka pia mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi atoe sera ya kuupinga. Hata hivyo mshtakiwa hujitetea kwa neno moja la Kiswahili: "Nilikuwa nikitania tu." Neno utani linastahili kulindwa dhidi ya utetezi huu. Katika desturi za jamii za Afrika Mashariki, utani una masharti. Watani wana uhusiano unaojulikana, kila mmoja ana ruhusa ya kumjibu mwenzake, na hakuna anayeadhibiwa kwa kujibu. Meneja na karani aliye katika kipindi cha majaribio si watani. Mmoja anaweza kumfukuza mwingine kazi, na mwingine hawezi hata kununa. Penye hofu ya kupoteza riziki hapana utani.

6.0 Sauti ya Fasihi

Waandishi wa Kiswahili waliliona tatizo hili mapema. Katika tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon wanaongozwa na mwanamke, Lanina. Dhuluma ya mwajiri inaonekana wazi, lakini Lanina anakabiliwa pia na upinzani kutoka upande wake: wapo wanaume wasiokubali kuongozwa na mwanamke, ijapokuwa anachodai ni haki yao pia. Mafunzo yake kwa mahali pa kazi leo ni mazito. Wafanyakazi wanaombeza mwenzao wa kike hudhani wanalinda uanaume wao, ilhali mwajiri dhalimu ndiye anayefaidi mgawanyiko huo.

Penina Muhando, katika Nguzo Mama (1982), alionyesha wanawake wa kijiji cha Patata wakijaribu kuisimamisha nguzo yao. Juhudi zao zinakwama, kwani wanavutwa huku na huku na shida za nyumbani pamoja na mifarakano yao wenyewe. Muhando hakuwapaka wanawake rangi ya kupendeza. Alisema ukweli kwamba anayelemewa na mizigo ya nyumbani hana mikono ya kutosha ya kunyanyua nguzo. Katika Chozi la Heri (2017), riwaya ya Assumpta Matei, Mwekevu anapowania uongozi wa juu anakutana na watu wanaoutilia shaka uwezo wake kwa kuwa ni mwanamke. Miaka zaidi ya thelathini inatenganisha kazi hizi, na swali ni lile lile: je, mwanamke atapimwa kwa kazi yake au kwa jinsia yake?

7.0 Mapendekezo

Wapo watakaosema kwamba kubadilisha maneno ni kupaka rangi ukuta wenye ufa, na kwamba mwanamke anahitaji mshahara, wala si msamiati. Hoja hiyo ina uzito, lakini mifano iliyotangulia inaijibu. Neno mke lilimzuilia mhadhiri marupurupu. Neno likizo lilimla mama siku zake za mapumziko. Neno msichana humnyima mtu mzima mkataba. Katika kila mfano, neno na shilingi vilitembea pamoja. Kwa hivyo inapendekezwa kwamba:

(a) Matangazo ya kazi na mikataba ya Kiswahili itumie majina ya kazi bila kudokeza jinsia, na mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani iandikwe kwa Kiswahili ambacho pande zote mbili zinakielewa.

(b) Sera za kupinga unyanyasaji wa kingono zipatikane kwa Kiswahili pia. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mfanyakazi wa kiwandani au wa shamba la maua hawezi kudai haki iliyoandikwa katika lugha asiyoimudu.

(c) Katika mikutano, kila mtu aitwe kwa cheo chake, na kazi ya kuandika kumbukumbu na kuandaa chai igawanywe kwa zamu.

(d) Muda wa uzazi na wa kunyonyesha utajwe kuwa haki ya uzazi, usifananishwe na mapumziko. Viongozi wa idara wawe wa kwanza kuzikemea kejeli zinazowafanya wenye haki hiyo waione haya.

(e) Walimu wa Kiswahili, wanapotunga sentensi za mifano darasani, wamwache Bi. Amina arushe ndege na Bw. Juma apike. Mtoto husahau kanuni ya ngeli, lakini picha iliyokuwa katika mfano hubaki.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedhihirisha kwamba Kiswahili kinampa mwanamke na mwanamume kiambishi kimoja, na kwamba sheria ya Kenya imefuata nyayo hizo. Pengo lililopo ni la matumizi, na matumizi yako mikononi mwa wasemaji. Mwanafunzi wa Kiswahili anayehitimu leo, kesho atahariri gazeti, atafasiri sera ya kampuni, atafundisha shuleni au atakaa kwenye jopo la kuwahoji wanaotafuta kazi. Siku moja mwanamke ataketi mbele ya jopo hilo na kuulizwa alikuwa akifanya nini kwa miaka mitano. Akijibu kwamba alikuwa akilea, panahitajika mtu upande wa pili wa meza atakayekumbuka kwamba wahenga waliiita hiyo kazi, na atakayeiandika hivyo katika fomu.